Binti Yangu Aliuliza Nyumba ya Chini

Wivu wangu kwa ndugu yangu mdogo ni wa zamani kuliko meno niliyobaki nayo, lakini mwaka huu ulichipuka upya kama miraa iliyopunguzwa vizuri, na aliyeupalilia ni binti yangu mwenyewe.

Binti huyu anakaa Meru mjini, upande wa Kinoru. Watu wakiunda chombo cha kompyuta, yeye ndiye anayeandika maelezo ya kukitumia. Mimi niliacha shule darasa la tatu, mwalimu alipenda fimbo nami nilipenda mbuzi, kwa hiyo alipokuja nyumbani alinieleza polepole. Ati siku hizi kuna programu za akili bandia ambazo mtu anazituma zimfanyie mambo, zijibu barua, ziagize mbolea. Sasa programu ikifika mahali na kusema, "Nimetumwa na fulani, nifungulieni akaunti yake," nani atajua kama ni kweli? Kuna chombo cha kuhakikisha hilo. Alikuwa anaandika maelezo yake, na akataka mfano ambao hata asiyejua kompyuta ataelewa.

"Mfano wa namna gani?" nikauliza, nikijiweka sawa kwenye kiti.

"Wa hapa kwetu Laare, Baba. Nimeshaupata kwa baba mdogo."

Kwa baba mdogo! Nyumba ya chini, kuvuka ua tu. Alikuwa ameshinda huko siku mbili na laptopu yake, akinywa chai ya watu. Akasema kule mtandao unashika vizuri zaidi. Nilichukua simu, nikapanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, nikainua mkono. Ulishika. Ulishika kabisa! Nikamwita aje aone.

"Baba, shuka, utaanguka," akasema akicheka.

Nilishuka, nikaenda moja kwa moja hadi kwa ndugu yangu. Nilimkuta anafunga vibunda vya miraa kwa majani ya mgomba. Anafunga vizuri, sitamnyima hilo, ingawa ni mimi niliyemfundisha.

"Muga, mkubwa wangu," akanisalimu. "Umekuja kusaidia ama umekuja kukagua?"

"Umemwambia nini mtoto wangu?"

"Mambo ya kamba tu. Keti, kuna chai."

Sikuketi. Hiyo kamba naijua. Yeye na mnunuzi wake hupiga fundo kwenye kamba ya mgomba na kuikata katikati ya fundo. Kipande kimoja mnunuzi anaenda nacho, kingine kinachomekwa ukutani. Mnunuzi akituma mtu wa bodaboda, mtu huyo lazima alete kipande kinacholingana na cha ukutani. Asipokuwa nacho, anakunywa chai na kurudi bila hata kijiti kimoja. Ndugu yangu anasifiwa kwa hilo mpaka kanisani.

Lakini hakuna anayeuliza alipatia wapi akili hiyo. Alipatia kwangu. Miaka kadhaa nyuma alikuja mtu na pikipiki, kofia kichwani, akasema ametumwa na mnunuzi wangu. Mimi si mjinga, nikamwambia lazima nimpigie mnunuzi mwenyewe kwanza. "Piga, mzee," akasema, "ila amebadilisha namba, hii hapa mpya." Nikapiga namba aliyonipa yeye. Sauti ikanijibu kwa heshima, hata ikauliza habari za mvua. Nikampa magunia mawili. Chai yangu haijapoa, mnunuzi wa kweli akaingia, hakuwa amemtuma mtu wala kubadilisha namba. Wiki iliyofuata ndugu yangu alianza kukata kamba.

Aibu hiyo nilikuwa nimeifukia. Lakini wivu ni jembe, nami niliichimbua siku hiyo hiyo. Nilirudi nyumbani, nikamweleza binti yangu yote, na ile namba, na ile mvua.

Akaniuliza, "Kumbe ni wewe?"

"Mimi nani?"

Akafungua laptopu. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, akanisomea kwa Kimeru: mkulima mmoja alipiga namba aliyopewa na mjumbe mwenyewe. Kwa hiyo chombo kisiamini kamwe anwani inayoletwa na programu inayoomba kufunguliwa, kimtafute mwenye akaunti kwa njia aliyoiweka yeye mwenyewe tangu mwanzo. Kosa langu lilikuwa na kisanduku chake chekundu cha onyo. Kamba ya ndugu yangu ilipata mstari mmoja.

"Baba mdogo alisema ni jirani wa zamani," akasema, "ati alihamia Kiambere."

Hata kunifichia aibu alinitangulia.

"Andika kwamba ni baba yako," nikamwambia.

"Maelezo kama haya hayataji watu, Baba."

"Basi andika tu kwamba hakuhamia Kiambere."

Kesho yake asubuhi nilitoka ili nimshukuru ndugu yangu. Nilifika hadi kwenye ua. Binti yangu alikuwa ameshaketi barazani kwa ndugu yangu na laptopu mapajani, naye anammiminia chai. Nikageuka, nikapanda kichuguu changu, nikainua simu juu niwaonyeshe kwamba hata huku mtandao unashika.