Mkono Uliokataa Kuachia

“Jirani, hiyo ngumi umemkunjia nani?”

Hivyo ndivyo Muuza Mkaa alivyomsalimia Mama Vifungo siku alipokuja kumjulia hali. Waliomtangulia wote waliingia na nyuso za msibani, wakakaa kwenye makochi ya mwana wa mgonjwa, wakaguna, wakausifu wema wake kama mtu aliyekwisha kwenda. Huyu, ambaye mdomo wake hauna breki, aliutazama ule mkono wa kushoto uliojikunja kifuani, vidole vimekumbatia dole gumba, akauliza lililomjia.

Mama Vifungo alicheka mpaka akatokwa na machozi. Hakuwa amecheka tangu apatwe na kiharusi.

“Wewe,” akajibu, maneno bado yakimteleza. “Wewe na lile gunia ulilonijazia vumbi ukaniambia ni mkaa.”

Jina la Mama Vifungo alipewa na mafundi cherehani wa mtaa wake. Wao walikata na kushona. Nguo ikifika kwenye vifungo na pindo, ilipelekwa kwake. Alikaa mlangoni pa chumba chake, sindano mkono wa kulia, kitambaa mkono wa kushoto. Aliyemtazama vizuri aliona kwamba kazi kubwa ilikuwa ya huo wa kushoto: unashika, unaachia, unasogeza, unashika tena. Asubuhi moja, shati likiwa limebakiza kifungo cha shingo, lilimponyoka, naye akalifuata chini.

Hospitali mkono ulilala kama kitambaa kilicholowa. Baada ya wiki chache ukaanza kujikunja wenyewe, na mguu ukakakamaa, ukawa unatetemeka kila kisigino kikigusa sakafu. Nyumbani wakafurahi. “Nguvu inarudi hiyo!” wakasema.

Alikuwa kwa mwanawe wa pekee, fundi umeme. Kijana alimchukua toka wodini moja kwa moja, akaenda kufunga chumba cha mama yake, na ufunguo akautia kwenye pete ya funguo zake kiunoni. “Hapa hutagusa kitu, mama,” akamwambia, na kweli hakuachiwa aguse kitu. Mkwewe alimvisha, alimkatia chakula, alimfunga kanga. Mama Vifungo alimshukuru Mungu kwa watoto hao kila alipoamka. Lakini moyo wake ulikuwa mlangoni kule, kwenye kiti chake.

Siku moja akamsikia mwanawe kwenye simu akimwambia mwenye nyumba kwamba chumba kitarudishwa.

“Mwanangu, chumba changu unampa nani?”

Kijana akakuna kichwa. “Mama, utakaaje peke yako? Usiku unafunga kufuli kwa ndani. Moto ukitokea, nani atakufungulia?”

Alisema kweli, na ndiyo maana ilimuuma.

“Nikiweza kulifungua mwenyewe? Na kulifunga?”

Hakuwa na moyo mgumu kijana yule, alikuwa na woga tu. “Ukiweza, nitakurudisha mwenyewe. Lakini nimempa mwenye nyumba ahadi, mwisho wa mwezi ujao.”

Muuza Mkaa alipopata habari hizo aliingia vitani. Alikuja na mpira wa tenisi. “Ubane kutwa, jirani. Mkono unataka nguvu huo!” Na Mama Vifungo, ambaye kazi ya nusunusu hakuizoea, aliubana. Aliubana akila, akisikiliza redio, akisubiri usingizi. Kucha zikaanza kumwingia kiganjani. Mkono ukazidi kuwa mgumu, yeye akazidi kubana.

Kliniki, dada wa mazoezi aliugeuza ule mkono, akaona alama za kucha.

“Mama, nani kakupa mpira?”

“Umejuaje? Jirani yangu. Ananipenda.”

“Anakupenda, lakini mwambie mpira aupeleke uwanjani. Mkono wako kufunga unajua. Unajua kupita kiasi! Misuli inayokunja vidole inaambiwa kaza, kaza, na hakuna wa kuiambia basi. Tunachotafuta sisi ni kuachia.”

Mama Vifungo akauangalia mpira mapajani pake kama mtu aliyeuziwa nguo mbovu. Wiki nzima alikuwa amefanya bidii ya kujifunga. Aliumia, lakini hakusema ameshindwa. Alisema, “Nifundishe huko kuachia.”

Akafundishwa. Taulo lenye maji ya uvuguvugu kwanza. Kisha dole gumba litoke, kiganja kifuate, na vidole mwisho. Ukivuta kwa haraka mkono unashtuka na kujifunga zaidi. Mkono ukishanyooka, ubaki hapo, usiuachie mapema.

“Kwa muda gani?”

“Mpaka usikie umelegea. Wengine huimba wimbo mzima.”

Sauti ya kuimba hakuwa nayo, ila dua alikuwa nazo za kutosha.

Mwanzoni mkwewe aliuvuta kama anaanua nguo kwenye kamba, mkono ukarukia kifuani. “Polepole, mwanangu! Sipelekwi kuchinjwa.” Basi wakakubaliana: mkwe anashika, mama anaomba, na mkono hauachiwi kabla ya amina. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akawaombea mafundi cherehani mmoja mmoja. Siku nyingine alipofika amina kiganja kilikuwa kimelala mezani, wazi, cheupe kama cha mtu aliyetoka kufua. Siku nyingine, hasa asubuhi za baridi, dua ilirefuka.

“Mama, mbona leo ina watu wengi hivi?” mkwe akauliza, magoti yamemchoka.

“Mkono mgumu leo. Vumilia, sijafika kwa wapangaji wa nyumba ya pili.”

Usiku alivaa gango la plastiki la kunyoosha vidole. Mchana alikaza kisigino chini mpaka mguu uache kutetemeka, ndipo apige hatua. Akaanza kukataa kuvishwa. Familia nzima ilisimama mlangoni ikiwa imechelewa, yeye anahangaika na kifungo cha gauni, jasho linamtoka, na mkwe akinyoosha mkono anaambiwa, “Kaa.” Kuna siku alishindwa, akaingia bafuni akalia. Alinawa uso, akatoka, akaomba kufuli bovu lililokuwa kwenye sanduku la vifaa vya mwanawe, alifanyie mazoezi.

Mwisho wa mwezi ule wa ahadi ukafika. Mwanawe alimpeleka kwenye chumba chake, na Muuza Mkaa akatoka nje kushuhudia, mikono imejaa weusi.

“Mimi na mpira wangu tumekuja kuomba radhi,” akasema.

“Nyamaza kwanza, nina kazi.”

Mama Vifungo alipewa ufunguo. Mkono wa kushoto ukalishika kufuli, wa kulia ukachomeka, ukazungusha. Tak! Likafunguka. Lakini macho yalikuwa mengi, na moyo ulimwenda mbio; mkono wa kushoto ukakaza. Kufuli bado limening’inia kwenye pete ya mlango, na vidole vyake vimelifumbata. Akavuta. Vikazidi. Akawa kama aliyefungwa pingu na mlango wake mwenyewe.

“Unaona, mama?” Mwanawe alisogea. “Ndicho nilichokiogopa. Ngoja nikutoe.” Akashika kidole kimoja akikivuta, na mkono wote ukaruka kwa kukaza.

“Usiniguse, mwanangu.”

“Mama...”

“Nimesema usiniguse.”

Akaegemeza mkono wake wote kwenye mbao za mlango. Akausogeza mwili karibu mpaka kifundo cha mkono kikakunjika kwa ndani, kama alivyofundishwa, ili vidole vipate nafasi. Akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti ndogo. Wagonjwa. Wasafiri. Mafundi. Muuza Mkaa alitaka kusema neno, akajiziba mdomo, akabaki na alama nyeusi shavuni. Dole gumba likatoka. Wapangaji wa nyumba ya pili. Kidole cha pili kikafuata, na cha tatu. Mwisho akamwombea fundi umeme mmoja mwenye woga.

“Amina.”

Mkono ukashuka. Akalitoa kufuli, akasukuma mlango, akaingia. Kisha akatoka tena, na bila kuambiwa na mtu akalifunga, akatulia, akaachia. Akalifungua mara ya pili. Safari hii dua ilikuwa fupi.

Mwanawe alifuta macho kwa mkono wa shati. Aliuchomoa ufunguo kwenye kufuli, na kwa mazoea tu akautia kwenye pete yake kiunoni. Mama Vifungo alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake pale mlangoni. Akamnyooshea mkono wa kushoto, kiganja juu, vidole vimefunguka nusu.

“Mwanangu,” akamwambia, “naomba ufunguo wangu.”