Mikanda ya Ngozi kwenye Springi ya Baba

Juzi nilipeleka gari gereji pale Somanda, hapa hapa Bariadi, maana lilikuwa linadunda mbele kama mkokoteni wa ng'ombe. Fundi, kijana wa umri wa mwanangu, akaniambia springi zote mbili za mbele zimechoka. Akaleta mpya. Kutoka kwenye boksi lake akatoa vyuma viwili virefu vyenye nyuzi za skrubu, kila kimoja na kulabu zake juu na chini, akavibana kwenye springi, kimoja upande huu, kingine upande wa pili kabisa. Akaanza kukaza kwa spana: huku mizunguko michache, kule michache, kisha huku tena, ili springi isije ikalalia upande mmoja. Ikawa inajikunja taratibu, kwa adabu. Alipoinua kichwa alinikuta nimeshajificha nyuma ya tangi la maji.

"Mama, mbona umekimbia? Haina noma hii," akasema, anacheka. "Cha msingi usisimame usawa wa ncha zake. Ukikaa ubavuni uko salama."

Nikamwambia hilo nalijua tangu nina miaka kumi. Akadhani namtania. Yeye alikuwa na kazi ya kumaliza, kwa hiyo acha nikusimulie wewe, mtu wangu wa siku nyingi.

Wakati huo tungali tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, na msimu wa pamba ndio uliokuwa saa yetu na kalenda yetu. Ukiamka unakuta nyuzi nyeupe za pamba zimenasa kwenye miiba kando ya barabara, zimedondoka kutoka kwenye malori. Bibi anachemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, jikoni kunanukia karanga za kukaangwa, na sisi watoto tunafagia uwanja kabla jua halijawa kali. Baba alikuwa mpima mizani wa chama cha msingi cha ushirika. Watu wote walimwita Bwana Mizani, hata padri. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na mizani zao wenyewe, chama kikanyong'onyea, na siku moja baba akarudi nyumbani mchana akiwa na koti mkononi. Sikuwahi kumwona nyumbani mchana wa siku ya kazi. Bibi alimwekea maziwa ya mgando, akayanywa yote.

Hakukaa sana na huzuni yake. Akanunua pikapu kuukuu ya rangi ya krimu. "Kama wao wananunua, mimi nitabeba," alisema, na kweli akawa anabeba magunia ya wakulima kutoka vijijini. Wiki chache tu. Siku moja, akitoka Mwanhuzi na mzigo, springi ya mbele ya kushoto ikakatika. Msimu ulikuwa katikati, na baba alijua kwamba pamba ikiisha mashambani kabla pikapu haijarudi barabarani, ndiyo basi.

Akaenda Nyalikungu, akapata springi kwenye gari lililokufa, akarudi nayo kwenye basi ameipakata, imefungwa kwenye gunia. Taabu ikaanza hapo. Springi ikiwa huru ni ndefu kuliko nafasi yake. Haiingii mpaka uibane, na chombo cha kuibania hakuna aliyewahi kukiona mjini kwetu.

Jirani yetu alikuwa fundi wa majembe ya ng'ombe na mtengenezaji wa ngoma. Alikuja akaizunguka ile springi, akaibonyeza kwa kidole gumba, akacheka.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Bwana Mizani. Ngozi ya ng'ombe inashika ngoma miaka ishirini, itashindwa na hiki?"

Nyumbani kwake lilikuwa limekwama lori la mnunuzi mmoja, limejaa pamba, linasubiri dereva. Wakasimamisha springi chini ya chasisi, jeki ikiwa chini yake, wakapandisha jeki mpaka uzito wa pamba yote ile ukaikandamiza. Kisha jirani akaifunga kwa mikanda ya ngozi mbichi iliyolowekwa, sehemu tatu. Ngozi ikifungwa ikiwa mbichi, ikikaukia hapo inajikaza yenyewe. Waliiacha juani siku mbili. Jeki iliposhushwa, springi ilitoka imejikunja vilevile, fupi, na watu wakapiga makofi. Mpango ulikuwa rahisi: iingie mahali pake, mkono wa chini wa gari, ule unaobeba springi, ufungwe sawasawa, gari likalie magurudumu yake, ndipo mikanda ikatwe kwa kisu.

Walipofungua mkono wa chini wakakuta bushi, zile pete za mpira za maungio yake, zimeisha kabisa. Bariadi nzima hazikuwepo. Baba akaagiza Mwanza kwa kondakta wa basi. Kesho yake dereva wa lori akatokea, akaondoka na pamba yake na chasisi yake.

Sasa fikiria hali yetu. Springi iko uwanjani, imefungwa, na ile mashine pekee ya kuibania imeshaondoka. Kufunga tulijua. Kufungua ikiwa nje ya gari, hapana. Jirani aliilaza chini kwa ubavu karibu na ghala la mahindi, akatuita wote.

"Hii imekasirika," akasema. "Inapiga kwa kichwa na kwa mkia. Ubavuni haina neno. Mtoto asipite mbele yake wala nyuma yake, mmesikia?"

Akachota majivu jikoni, akachora mstari mnene mbele ya kila ncha. Basi tukaishi na kile chuma. Kuku walizoea kabla yetu. Wageni walisalimia wakiwa mbali. Mama alianika nguo upande mwingine wa nyumba, na baba alikaa mlangoni kila siku akitazama njia ya stendi, ananyoosha shingo kila akisikia honi. Mimi nilimwonea huruma nisijue nifanye nini.

Bibi ndiye aliyeona kwamba ngozi imeanza kupasuka kwa jua. Kwa bibi, kitu chochote cha ngozi kilipakwa mafuta ya ng'ombe: viatu, kigoda, mikanda ya nira. Akaipaka. Akapaka vizuri, kwa kidole, kila mkunjo, na hakuna aliyemkataza. Sote tuliona ni jambo la busara. Hakuna aliyemkumbuka mbwa.

Jioni ile mbwa wetu aliporudi kutoka machungani na ng'ombe wa jirani, alisimama getini akanusa hewa. Tukamfungia jikoni. Tangu siku hiyo ikawa hivyo: mchana yuko machungani, akirudi anafungiwa. Na kwa tahadhari, mimi nikapewa fimbo nikae zamu chini ya upenu wa ghala. Nilijiona askari.

Siku ya tatu ya zamu yangu, jua likiwa utosini, mbwa akarudi peke yake. Mimi nilikuwa natafuna karanga. Nilimwona akija akichechemea, labda alichomwa na mwiba, akaenda moja kwa moja, akalala ubavuni mwa springi kama mtu aliyefika kwake. Akaanza kuramba. Kisha akageuza kichwa akatafuna kwa magego, anavyotafuna mfupa.

Nilipiga kelele. Akanitazama, akaendelea. Nikamrushia karanga, nikamrushia kandambili. Mkanda wa kwanza ukaachia, springi ikatikisika pale chini, na mbwa hakujali. Nilichofikiria ni kwamba nimepewa fimbo, na pikapu ya baba inaliwa mbele ya macho yangu. Nikainuka nikamkimbilia. Njia fupi ilipita juu ya majivu, nami nikapita juu ya majivu.

Nilisikia mama akipiga yowe, "Mayo wee!" Baba alikuwa mlangoni, miguu mitupu. Nilichokiona baadaye ni shati lake tu, limejaa macho yangu yote. Alinisukuma kifuani kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, nikaanguka chali, majivu yakanijaa mdomoni. Ule mlio sina cha kuufananisha nao. Ulipokwisha, kuku walikuwa juu ya paa, na mbwa alikuwa anakimbia na kipande cha ngozi mdomoni.

Mkono wa kushoto wa baba, uliopigwa na springi, ulivunjika sehemu mbili. Hospitali waliufunga, ukapona ukiwa umepinda, vidole havikunjiki. Ndio mkono wa gia. Bushi zilifika wiki hiyohiyo, kondakta akazikabidhi kwa heshima zote, zikawekwa dirishani, na hapo zilikaa miaka. Pikapu ikabaki juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva, na mwishowe watu wa vyuma chakavu wakaikatakata na kuipeleka nisikokujua.

Pale nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Jirani alikuja na jogoo, akakaa bila kuinua kichwa, akisema ngozi, ngozi. Bibi aliyatazama mafuta yake kwenye kibuyu, na hakuwahi kuyapaka tena kwenye kitu chochote. Mimi nilikuwa na fimbo. Nilingoja niulizwe, na sikuulizwa.

Maana baba alikuwa na hadithi yake. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole alisimuliwa: "Mbwa mshenzi yule! Nilikuwa namkimbilia nimtie teke, aache springi yangu." Watu wakacheka. Wakamtania kwamba Bwana Mizani anapenda chuma kuliko mkono wake, naye akacheka nao. Aliisimulia hivyo miaka yote, hata alipokuwa mzee, hata mbele ya wanangu. Mbwa mwenyewe aliishi vizuri, akanenepa, na baba hakumpiga hata mara moja.

Baba amefariki, bibi amefariki, jirani pia. Pale palipokuwa na ghala pana nyumba ya bati jekundu na bodaboda zinaegeshwa. Karibu na barabara sioni tena pamba kwenye miiba.

Kijana wa gereji aliiweka springi mahali pake, ncha yake ikakaa kwenye kikombe chake, akafunga kila nati, ndipo akalegeza vile vyuma, huku kidogo, kule kidogo. Haikufika hata nusu saa. Nilimwomba nikishike kimoja. Kilikuwa chepesi. Nililia pale gerejini, mtu mzima mimi, na kijana wa watu akakimbilia kuniletea kiti.

Nilishindwa kumweleza. Makosa yetu sote, ya ngozi, ya mafuta na ya fimbo, baba alimbebesha mbwa, kwa sababu mbwa hana la kujibu. Lakini mimi nilikuwepo pale kwenye majivu, na nimelijua hili siku zote. Mbwa alikuwa amelala kati yangu na baba, na baba alimruka akaja kwangu.