Shangazi Alionja Kwanza

Harufu ya ndizi zilizofukiwa shimoni zikaiva hainitoki puani. Hata leo, hapa Kahororo, jirani akifukua ndizi zake za kukamua mramba, juisi yetu ya ndizi, mimi hufunga dirisha. Watu husema nina maringo. Mhaya gani anachukia mramba? Waache waseme. Ninyi nitawaeleza, maana nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Nilizaliwa Kishanda, kule Muleba. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Tangu utotoni kitu kitamu kilinishinda. Ndizi mbivu, muwa, chai ya sukari, nikionja tu tumbo linanikata, jasho linanitoka, natapika. Mama alinichapa mpaka akachoka, akaniacha na ndizi zangu za kupika na maharage. "Huyu ana kinywa cha bibi kizee," alisema. Wenzangu walioza meno, mimi mpaka sasa ninayo yote.

Mdogo wangu Mutalemwa hakujua kukataa. Alikuwa na miaka miwili. Wakati wa kunyonya alinenepa vizuri kabisa, lakini alipoachishwa ziwa na kuanzishiwa uji wa sukari akaharibika. Tumbo likajaa, macho yakawa ya manjano, kutapika kila siku. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto anachezewa. Na kikishasemwa hivyo, lazima atafutwe wa kumchezea.

Nyuma ya nyumba yetu, ndani ya kibanja cha baba, yaani shamba lake la migomba, alikaa shangazi yangu Kokubanza. Mume alimwacha kwa kukosa mtoto, akarudi nyumbani, baba akampa kipande chenye migomba na mibuni. Kwetu mwanamke hukaa kwenye ardhi ya ukoo kwa hisani ya kaka zake. Baba mdogo, Byabato, ambaye kibanja chake kilipakana na kipande kile, hakuipenda hisani hiyo hata kidogo.

Siku hiyo mama alikwenda shamba la mbali, akatuacha kwa shangazi. Shangazi alikuwa amekamua mramba asubuhi. Nakumbuka nyasi zilizolowa povu, nyuki wakizunguka mtumbwi wa kukamulia, na vidole vya shangazi vikinata kila anapogusa. Akachota. Sasa, kwetu humpi mtu kinywaji bila kukionja mbele yake, hata awe mtoto. Ndivyo unavyoonyesha kwamba mkono wako ni safi. Shangazi akapiga funda la kwanza, akajifuta mdomo, akacheka.

"Haya, nimeshatoa uchawi. Kunywa leo, Kemi, usinitie aibu."

Alipogeuka nikampa Mutalemwa kikombe changu juu ya chake. Alikunywa vyote viwili akalamba midomo.

Hazikupita dakika nyingi. Alitapika, akalowa jasho kama aliyemwagiwa maji, akaanza kutetemeka, macho yakageuka. Shangazi akambeba mbio mpaka nyumbani akipiga yowe. Wa kwanza kufika alikuwa baba mdogo, na chupa ya asali mkononi. Asali ni dawa, nani hajui? Akamtia kijiko, akamwongeza kingine. Kabla jua halijazama, Mutalemwa alikuwa amekufa.

Baada ya maziko wanaume walikaa sebuleni juu ya nyasi mpya zilizotandazwa, zinanukia. Baba mdogo akaniita katikati. Nikapiga magoti.

"Kemi, usiogope. Shangazi yako alionja kabla ya kuwapa?"

Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: wakijua kikombe changu alikunywa mtoto, nitachapwa.

"Hakuonja, siyo? Sema, mtoto mzuri."

"Hakuonja."

"Mmesikia wenyewe! Mtoto hasemi uongo!"

Mwanamke mmoja nje akadakia, "Tumbo lisilozaa lina wivu."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Kemi," alisema taratibu. "Kemi, nitazame."

Sikumtazama.

Asubuhi walikata migomba yake yote. Akaondoka na mkeka na chungu, akaenda Ngenge kulima mahindi kwenye shamba la kuazima. Mibuni yake baba mdogo anaichuma mpaka leo.

Miaka ikapita, nikawa mtu mzima. Mwaka juzi ini lilinisumbua, nikaenda hospitali pale Bukoba. Daktari, binti mdogo tu, alinichungulia mdomoni akashangaa meno yangu. Akaniuliza vitu nisivyokula, na kama kwetu kuna mtoto aliyekufa mdogo. Hakuna aliyewahi kuniuliza maswali hayo pamoja. Damu yangu ikapelekwa nje ya nchi, na majibu yaliporudi akaniomba moja ya kahawa zangu za kutafuna, akaipasua.

"Mama, unaona ndani kuna punje mbili? Na wewe ndivyo ulivyo. Moja ulipewa na baba, moja na mama. Mwenye punje moja mbovu haumwi, wala hajui kama anayo. Baba yako alikuwa nayo moja, mama yako moja. Wewe ulipata mbovu zote mbili. Ini lako haliwezi kusaga sukari ya matunda, nayo imo hata kwenye sukari ya chai. Kwako ni sumu."

"Na ya asali?"

"Ya asali pia. Inaelekea hata mdogo wako alikuwa hivyo hivyo."

Nilikunja karatasi ya majibu, nikatoka nayo.

Shangazi yu hai, kikongwe. Nilimfuata Ngenge, nikapiga magoti, nikamsomea karatasi ya daktari na kuungama yote, hata kikombe. Aliendelea kupukuchua mahindi.

"Kwa hiyo damu yenu ndiyo ilikuwa na kasoro."

"Ndiyo, waitu," niliitikia kwa heshima.

"Mimi nilijua siku zote kwamba sikumpa sumu. Karatasi unaniletea mimi ya nini? Wapelekee wasiojua."

Nikampelekea Byabato. Siku hizi ni mzee wa kanisa. Aliigeuza geuza, akasema mashine hazijui mambo ya ukoo. Basi nawapa ninyi. Wenye makosa ni hawa: Byabato, aliyetaka mibuni. Baba yangu Ishengoma, aliyeinamisha kichwa dada yake akifukuzwa. Mama yangu, aliyeniona nikitapika vitamu miaka yote na siku ile hakufungua mdomo. Na mimi.

Utotoni nilidhani nimesema neno dogo la kukwepa fimbo, na kwamba wakubwa wangelipima. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kuwa walishaamua, walikuwa wanatafuta tu mdomo wa kulisemea. Nimejifariji kwa hilo miaka mingi, lakini aibu haiondoki. Ugonjwa nilipewa bila kuulizwa. Kuhusu shangazi, niliulizwa.