Dada Asiyetajwa Ubaoni

Dhanraji alifutwa kwenye historia ya duka la baba yake, na aliyemfuta ni mdogo wake wa tumbo moja, Parmesh. Alimfuta kwa rangi ya dhahabu, mbele ya mji mzima, na Dhanraji mwenyewe ndiye aliyeshika ngazi ubao wa historia hiyo ulipokuwa unapigiliwa ukutani.

Duka hilo la vifaa vya ujenzi baba yao alilifungua mjini Ba, ng'ambo ya soko. Dhanraji alitolewa shule akiwa darasa la pili, akakalishwa sakafuni kuchambua skurubu. Hakurudi tena. Kusoma hajui, lakini mpe boliti amefumba macho, atakwambia saizi yake na nati yake iko droo gani.

Siku duka lilipotimiza miaka sitini, aliuvisha ubao shada la maua ya manjano. Kisha akamwita Waisake, mkulima wa miwa aliyekuja kununua bawaba.

"Hebu nisomee. Kwa sauti, watu wasikie."

"Mama Misumari, leo unatafuta sifa, eh?" Waisake akacheka, akaanza. Baba yao alitajwa. Parmesh akatajwa mara tatu. "Mwaka wa mafuriko makubwa, Parmesh alibaki peke yake dukani, akapandisha mali yote darini..."

"Nani?"

"Parmesh."

"Soma tena."

Akasoma tena, polepole, kicheko kimemkauka.

Siku zile Parmesh alikuwa mji mkuu, Suva, harusini. Aliyebaki ni Dhanraji, maji kifuani, maboksi ya misumari kichwani, siku mbili bila kutia kitu mdomoni. Bega lake la kulia mpaka leo halinyanyuki.

"Na mimi niko wapi?"

Waisake alipitisha kidole mstari kwa mstari hadi chini. "Jina lako halipo, mama."

Parmesh alitokea na sinia la vitamutamu. "Dada, usianze mbele ya wateja. Si tunajua wote?"

"Kama mnajua wote, mbona la kwako umeliandika?"

"Kwani wewe unasoma?"

Hakuna aliyecheka. Waisake aliacha bawaba kaunta, akatoka mikono mitupu.

Ubao bado uko pale. Parmesh anadaiwa mstari mmoja: aliyeliokoa duka ni dada yake, Dhanraji. Auandike mwenyewe, kisha ausome kwa sauti.