Mwambie Baba Yako Akulaze Mapema

Nakumbuka jioni moja ya msimu wa palizi, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, nilipokuwa nikizunguka uwanja wa nyumba yetu kwa baiskeli huku binti yangu Kabula nimemfunga mgongoni kwa khanga. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nilikuwa nimegundua kwamba baiskeli ikienda, analala. Sikuwa bado nimekubali kwamba baiskeli ikisimama, anaamka. Majirani waliokuwa wakirudi kutoka kwenye pamba, majembe begani, walisimama kututazama. Mmoja akaniuliza kama tumeshafika Mwanza.

Nikueleze ilivyokuwa. Mke wangu, Minza, alikuwa amelazwa hospitali mjini Bariadi baada ya kupasuliwa tumbo. Kidonda hakikukauka kama ilivyotarajiwa, kikaanza kutoa usaha, na daktari akasema abaki wodini mpaka kipone. Dada yangu ndiye aliyekuwa akimuuguza. Kabula alikuwa bado ananyonya, na tangu azaliwe hakuwahi kulala usiku hata mmoja bila mama yake. Sasa alikosa ziwa, mgongo na sauti kwa mara moja. Usiku alilia mpaka akapwelewa sauti, na mchana akasinzia na tonge mkononi.

Kila nilipompelekea Minza chakula, swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo: mtoto analala? Nilijitahidi kumficha, lakini macho yangu mekundu yalijibu kabla yangu. Siku moja dada yangu alinifuata nje ya wodi akaniambia kwamba Minza ameanza kumwomba muuguzi ruhusa ya kurudi nyumbani, na kwamba akinyimwa ataondoka mwenyewe. Kwa kidonda kile, kuondoka kulikuwa kujitafutia kaburi. Nilielewa hapo kwamba usingizi wa Kabula haukuwa tena jambo la Kabula peke yake. Mtoto asipolala, mama hatatulia kitandani. Na mama asipotulia, ningeweza kumpoteza.

Basi nilijaribu kila nilichokijua na kila nilichoambiwa. Penye wengi pana mengi. Mmoja alisema nimbebe mpaka alale. Mwingine alisema nimwache alie achoke. Mwingine akasema nimshibishe uji mara mbili. Niliwasha redio, nikaizima. Niliacha taa, nikaitoa. Jirani mmoja, kwa huruma kabisa, aliniletea chupa ya dawa ya kikohozi akasema kijiko kimoja tu na mtoto atalala fofofo. Niliiweka dirishani. Sikuwa nimeamua kumpa, lakini sikuwa nimeamua pia kutompa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama mkwe wangu alipata habari akaja kutoka Malampaka, na kitita cha choroko kichwani.

Hapa inabidi nikufafanulie jambo. Kwetu Wasukuma, mkwe huheshimiwa kwa umbali. Kwa wazee wa wakati ule, mama mkwe hakuingia chumba anacholala mkwewe, hawakula sahani moja, hawakushikana mikono, na walijitahidi wasitazamane usoni. Ninyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana, wala siwalaumu. Lakini yeye alikuwa mtu wa zamani. Alifikia kwenye nyumba ya jikoni, ng'ambo ya uwanja, na alipokaa nje alinipa mgongo. Alipokuwa na neno la kunieleza, alimweleza mtoto.

Jioni ya kwanza alimpakata Kabula, akaanza kupepeta choroko zake.

"Kabula, mjukuu wangu," alisema taratibu, "mwambie baba yako ile chupa ya dirishani airudishe kwa mwenyewe. Wewe huna kikohozi. Wewe unamngoja mama yako, na kungoja hakuna dawa ya kijiko."

Nilijisikia mdogo, lakini nilijitetea kwa njia hiyo hiyo. "Kabula, mwambie bibi yako nimejaribu kila kitu."

"Mwambie nimesikia, na hicho ndicho kinachokunyima usingizi. Juzi mgongo, jana redio, leo baiskeli. Kesho sijui atakupandisha ng'ombe. Utajuaje kwamba sasa ni saa ya kulala, kama kila jioni inakuja na sura yake?"

Mwanangu, mimi nilikuwa fundi baiskeli. Baiskeli ikilia, fundi habadilishi mnyororo, pedeli na beringi kwa pamoja, maana hatajua kibovu kilikuwa kipi. Nilijua hivyo kwa chuma, nikashindwa kujua hivyo kwa mtoto wangu mwenyewe. Mshika mbili moja humponyoka, nami nilikuwa nimeshika kumi.

Nilimwomba basi, bado kupitia kwa Kabula, amlaze yeye kule jikoni, kwa kuwa alikuwa amelea watoto wengi. Alipuliza makapi.

"Mwambie baba yako mimi ni mgeni," alisema. "Nikikulaza mimi, siku nitakapoondoka utakuwa umeachwa mara ya pili. Akulaze yeye, maana yeye haendi popote."

Neno hilo sijalisahau.

Kuanzia siku iliyofuata alinipangia jioni, na upangaji wake ulikuwa mwepesi. Jua likianza kushuka, Kabula anaogeshwa maji ya uvuguvugu. Kisha uji, bila michezo ya kurushwarushwa. Kisha mkeka ule ule, kona ile ile, neti imeshushwa, koroboi iko chumba cha pili. Anapewa khanga ya mama yake, ambayo haijafuliwa, aishike mkononi. Nami nimwambie ukweli kwa maneno machache: mama yuko hospitali, anatibiwa, atarudi, baba yupo. Nilisema kwamba mtoto huyu haelewi maneno. Jibu lilitoka uani: "Mwambie baba yako hata ng'ombe haelewi maneno, lakini anajua nani anamdanganya."

Na haya yote yafanyike mapema. Mimi nilikuwa nikimngoja achoke kabisa ndipo nimlaze, nikidhani uchovu utanisaidia. Kumbe mtoto aliyechoka kupita kiasi hupandwa na ukali, na usingizi humkimbia. Akianza kupikicha macho, huo ndio wakati. "Mwambie baba yako akulaze mapema," ndiyo sentensi niliyoisikia kuliko zote.

Alipolia, sikumnyanyua mara moja wala sikumwacha peke yake. Nilikaa kando ya mkeka, nikamwekea mkono mgongoni, nikamwita jina lake kwa sauti ya chini. Mama mkwe hakuweza kuingia, kwa hiyo alikaa nje chini ya dirisha akaimba kwa kuvuma, sauti ya Kisukuma ambayo Kabula aliijua kutoka kwa mama yake. Jioni iliyofuata alisogeza kigoda chake mpaka karibu na ghala. Baadaye akakaa mlangoni pa jikoni. Sauti ilizidi kuwa ndogo, mpaka jioni moja nikatambua kwamba haimbi tena, na Kabula amelala akiwa na mkono wangu tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba yule mama alikuwa akijiondoa polepole makusudi, ili pengo lake lisisikike. Mwenda pole hajikwai.

Usidhani njia ilinyooka. Katikati ya siku hizo Kabula aliamka mwili unawaka, nami nikakazana na utaratibu wangu kama sheria: mkeka, khanga, mkono. Mama mkwe alimgusa paji la uso asubuhi, akasema, "Mwambie baba yako hii ni homa, si usingizi. Akupeleke zahanati." Nilimpeleka, akapimwa, akapewa dawa. Siku zile za ugonjwa nilimbeba alivyotaka kubebwa, nikampa maji kila alipoamka, na hakuna aliyenilaumu. Homa ilipokwisha, tulirudi kwenye maji ya uvuguvugu na kona yetu. Alilalamika kidogo, kisha akakumbuka.

Nilipokwenda tena hospitali, Minza aliniuliza swali lake. Nikamwambia analala. Hakuniamini, akataka nimsimulie, nami nikamsimulia yote, kuanzia uji mpaka kigoda kilichohama. Nilipofika mahali pa ng'ombe asiyedanganywa alicheka akashika tumbo lake kwa maumivu. Kisha akageukia ukutani, akavuta shuka, akalala. Dada yangu aliniambia kwamba huo ulikuwa usingizi wake wa kwanza wa kweli tangu alazwe. Hakuomba ruhusa tena. Kawia ufike: alibaki mpaka daktari mwenyewe aliposema nenda.

Siku aliyorudi nilitarajia sherehe ya usingizi. Kabula hakulala. Alimshika mama yake shingo, akaachia, akamtazama, akamshika tena, na kila alipolazwa aliinuka kuhakikisha. Nikashtuka, nikadhani kazi yetu imeharibika. Mama mkwe, akiwa anafunga kitita chake kule jikoni, alisema kwamba furaha nayo huvunja usingizi, tusiiogope, tuendelee na jioni ile ile. Tuliendelea, na haikuchukua muda mtoto akatulia.

Alipoondoka kurudi Malampaka nilibeba mzigo wake hadi kwenye gari, nikitembea nyuma yake kwa heshima. Nilitamani kumshukuru, na sikujua mkwe anashukuriwaje kwa jambo kubwa namna ile. Mwishowe nilimwinua Kabula nikasema, "Mwambie bibi yako wabeja." Naye, akiangalia pembeni, akasema, "Mwambie baba yako amejifunza upesi." Sijawahi kupokea sifa iliyonikaa vizuri kama ile. Alikwisha kutangulia mbele ya haki, na katika maisha yetu yote sikuwahi kumshika mkono. Lakini Minza yu hai, leo ni bibi, na hakuna mwaka ninaopalilia pamba bila kumshukuru Mungu kwa mama aliyemzaa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Usingizi wa mtoto wako utavurugika tu. Utahama kwa ajili ya kazi kwenda Nyashimo, utasafiri, meno yataota, mama atarudi kazini, mdogo wake atazaliwa. Yakitokea hayo usitafute maajabu mapya kila jioni, wala usimkabidhi kwa mwanga wa simu, wala usimpe dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Tazama kwanza kama anaumwa. Akiumwa, mtibu na umbebe. Kama haumwi, tafuta jioni yenu ile ile ya zamani na umrudishie, mahali popote mlipo, mapema kabla hajachoka. Kichanga mlaze chali, juu ya godoro lisilodidimia, bila mito wala nguo karibu na uso wake. Na anayemlaza awe yule atakayekuwepo, baba naye akiwemo. Kumlaza mtoto hakukupunguzii uanaume, kunakuongezea mtu mmoja duniani anayetulia akisikia hatua zako.

Na akija mzee kukusaidia, mpe kigoda, umsikilize hata akisema huku amekupa mgongo.

Mungu akupe jioni zinazofanana, mwanangu. Akupe mtoto anayefumba macho bila hofu, na akujalie kuwepo anapoyafumbua.