Mianzi ya Kamati

Kamati yetu ilizaliwa siku tulipokuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa duka kuukuu kuliko yote mtaani kwetu. Kabla ya hapo hatukuwa kamati, tulikuwa watu tu tunaokunywa chai kwenye baraza la duka hilo, kila mmoja na manung'uniko yake kuhusu takataka, mbuzi na mitaro iliyoziba. Rangi ilikuwa haijakauka, na mimi, mwalimu mstaafu nisiyeweza kuona maandishi ukutani bila kuyagusa, nilirudi nyumbani na kidole chekundu.

Jengo lenyewe si la kutisha. Lina bati lenye kutu, nguzo za mbao na baraza pana la saruji ambalo limekaliwa na Njombe nzima kwa zamu. Tatizo liko nyuma, ambako ardhi inateremka kuelekea bondeni. Mvua zetu hazina haraka lakini pia hazijui kuondoka, na kwa miaka zilikuwa zimechimba korongo lililokuwa likipanda polepole kuufuata msingi wa duka. Tulipokwenda kumlilia mhandisi wa mji, alitusikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Alisema atasubiri. Korongo likisimama, jengo litabaki. Likiendelea kusogea, tingatinga litakuja kabla ukuta haujaangukia watu. Alisema kweli, na hakuna kinachoniudhi kama mtu wa ofisini anayesema kweli.

Sisi wengine tungepoteza pa kukaa. Mama wa chai angepoteza kazi. Alikuwa mjane, na wanawe wote aliwasomesha kwa chai ya tangawizi na maandazi ya baraza lile. Siku ile ya X aliingiza benchi lake refu ndani, akalifunika kwa gunia, na kuanzia hapo tukanywa chai tumesimama. Nilipomlalamikia kuhusu magoti yangu alinijibu bila kuinua macho kwenye sufuria.

“Mtu anayengoja kufukuzwa hatandiki mkeka, mwalimu.”

Basi tukaunda kamati. Mwenyekiti akawa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mzaliwa wa Bulongwa, mtu mpole ambaye hata kikohozi chake ni cha adabu. Fundi cherehani wa duka la jirani akawa mweka hazina kwa kuwa droo yake inafungika. Mimi nikawa katibu kwa sababu nilijichagua. Kikao cha kwanza kizima kiliishia kwenye jina. Nilitaka Kamati ya Mji Mkongwe, lakini fundi akasema Mji Mkongwe uko Zanzibar, na wenzetu wana bahari, sisi tuna ukungu. Tukakubaliana Kamati ya Mtaa wa Zamani, nami nikanuna mpaka Jumapili.

Mchungaji alishauri tupande miti ya kushika udongo, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua ni ipi, tulipanda gari yeye na mimi hadi Makambako kwa kaka yangu. Mimi ni mtoto wa Makambako. Watu wa Njombe hututania kwamba kule upepo ndio wenyeji na sisi ni wapangaji, na siku hiyo upepo haukunisaidia kuutetea mji wangu: tulivuka reli tu, kofia ya mchungaji ikaondoka kichwani, ikapita juu ya malori na haikuonekana tena. Aliisindikiza kwa macho, akasema Bwana alitoa. Hakumalizia.

Kaka amezungushia kiwanja chake miti ya kuzuia upepo, na yote imeshika. Alituambia kwa korongo kama letu hakuna kinachoshinda mwanzi, maana mizizi yake huushika udongo kama mama anavyoshika mtoto sokoni. Hapo ningemshukuru. Lakini kaka hajui kunyamaza akiwa amepatia, akaongeza la pili.

“Ila mti wa kamati hufa kwa kiu. Kila mtu anajua ni zamu ya mwenzake.”

Nilimwambia huko Njombe watu wamestaarabika. Chai yake sikuimaliza.

Vipando vilitoka kwa wakwe wa fundi huko Wanging'ombe, ambao hawakuweza kutunyima kwa sababu bado alikuwa hajamaliza kuwatolea mahari na hawakutaka kumuudhi. Tulivipanda kwa siku moja, mtaa mzima, jembe kwa jembe, na mchungaji akaviombea. Sasa niseme ukweli: kila aliyekuwepo alijua ule ni mwanzi gani. Ulikuwa ndio ule ule unaotoa ulanzi, pombe yetu ya masika, ambao mtu wa kwetu akiuona unachipua, koo humuwasha. Lakini hii ilikuwa mianzi ya mji, tena imeombewa. Nilichora kibao mwenyewe kwa herufi kubwa: marufuku kutupa takataka, marufuku kuchunga mbuzi, marufuku kuegesha pikipiki, marufuku kujisaidia. Kugema sikukuandika. Hakuna mwalimu anayeandika ukutani kwamba ni marufuku kula chaki.

Kilichofuata kilikuwa kama kaka alivyosema, nami nilimchukia kwa hilo. Kiangazi kilipofika nilipanga zamu za kumwagilia. Fundi alikuwa na sare za shule za kushona. Mchungaji alikuwa na msiba, na kwa mchungaji misiba haiishi. Mimi nilikuwa na magoti. Mbuzi walisoma kibao changu wakapita, takataka zikarudi, vipando kadhaa vikakauka vikiwa vimesimama wima kwa heshima. Mvua zilipokuja korongo likasogea tena. Mama wa chai akaanza kufungasha vikombe asivyovitumia, kimoja kimoja, ndani ya magazeti. Hakutulaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angetutukana.

Masika ya tatu vichaka vilivyosalia vilichipua. Asubuhi moja nilishuka kuvitazama nikiwa na mwavuli na matumaini, nikakuta kila chipukizi limekatwa ncha na kuning'inizwa mbeta, kile kikopo cha mwanzi cha kukingia ulanzi. Kote kulikuwa kunadondoka, to, to, to. Bustani ya kwanza ya umma ya mtaa wa zamani ilikuwa imegeuka kilabu.

Niliona giza. Chipukizi likigemwa halikui tena kuwa mwanzi, na bila mianzi mipya vichaka vingedhoofika, na vikidhoofika, kwaheri msingi, kwaheri mama wa chai. Nikaishika mbeta ya kwanza niitupe korongoni. Kwetu kugusa mbeta ya mtu ni sawa na kufungua chungu chake jikoni bila hodi, nalijua hilo tangu utoto, lakini hasira haina mila.

“Mwalimu,” sauti ilisema juu yangu, “hiyo ni yangu.”

Alikuwa mweka hazina wetu, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Bibi mmoja muuza mboga akatokea nyuma yake, akaonyesha mbili nyingine. Muuza mitumba naye akaja. Niliitisha kikao cha dharura pale pale kwenye tope na kumtaka mwenyekiti akemee jambo hilo. Mchungaji alikohoa. Akasema pana tofauti kati ya mkangafu, ambao ni ulanzi uliochacha na ni kilevi, na mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, ambao ni kinywaji cha watoto. Kisha nikaiona chupa yake ya chai imesimama chini ya kichaka cha mwisho, na haikuwa na chai.

Aliyetuokoa ni mama wa chai, aliyekuwa ameshuka na kandambili kusikiliza kesi inayomhusu.

“Wagawieni,” alisema. “Kila kichaka kiwe na mwenyewe.”

Alieleza taratibu, kama anayenifundisha mimi kuhesabu. Mgema mwenye kichaka chake hagemi machipukizi yote. Hugema baadhi na mengine huyaacha yakue, kwa sababu akiyamaliza mwaka huu, mwakani atakunywa maji. Hawa walikuwa wanamaliza kwa kuwa kila mmoja aliogopa mwenzake atamtangulia. Kura zilipopigwa nilipinga peke yangu, nikapewa kichaka cha pembeni, pengine kwa adhabu.

Sasa, ulanzi una tabia moja: lazima ncha iliyokatwa ichongwe upya asubuhi na jioni, la sivyo chipukizi huziba na kukauka. Watu ambao hawakuwahi kufika kwenye zamu yangu hata walipoitwa kwa kipaza sauti walianza kufika mara mbili kwa siku bila kuitwa. Na mtu aliyeshuka kuchonga hakupenda kukanyaga takataka, akaziondoa. Hakupenda mbuzi. Bibi muuza mboga aliwakimbiza mmoja baada ya mwingine mpaka wakahamia mtaa wa pili, na huko nasikia wanaunda kamati. Muuza mitumba alipoona maji yanakata udongo chini ya kichaka chake, alipanga mawe. Jirani yake naye akapanga, ili maji yasihamie kwake. Kiangazi walimwagilia. Mimi ulanzi sinywi, lakini nilijikuta nashuka alfajiri kuchonga na kung'oa magugu kwenye kichaka changu na kumtazama vibaya kila aliyepita karibu. Mtogwa wangu nilimpelekea mama wa chai. Aliunywa akiwa amesimama.

Mhandisi alirudi katikati ya masika iliyofuata, mchana, bila taarifa. Mama wa chai alimwona anazunguka nyuma ya duka, akazima jiko. Mimi nilimfuata. Alishuka korongoni na viatu vyake vizuri, akapapasa mizizi, akagonga mawe kwa ncha ya kiatu. Kisha, ili aone msingi vizuri, akasogeza mbeta moja pembeni.

Sijui walitokea wapi. Cherehani ilinyamaza, na mtaa mzima ukawa ukingoni mwa korongo. Bibi muuza mboga alimwambia mgeni aiache mbeta hiyo pale alipoikuta, na hakumwita mheshimiwa.

Mhandisi aliiachia taratibu. Akauliza ni nani msimamizi wa eneo lile. Nimehudhuria mikutano maisha yangu yote, na swali hilo huwafanya watu watazame viatu. Siku hiyo kila mkono ulipanda, na wa mchungaji ulikuwa wa kwanza.

“Nimekagua bustani nyingi za miji,” mhandisi alisema. “Hii ndiyo ya kwanza kunifukuza.” Akatazama tena chini. “Korongo limesimama. Jengo libaki. Hiyo X mfute wenyewe, sisi rangi tunayo nyekundu tu.”

Mchungaji alimkaribisha mtogwa. Kwa saa ile ulikuwa umeshaacha kuwa mtogwa zamani, lakini mhandisi alikunywa vikombe viwili na kusifu sana, na mwenyekiti wetu akawa anaangalia mawingu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: ulanzi wa juma lile, wanaojua waliniambia, ulikuwa mwepesi kama uji wa hospitali.

Mimi nilipanda barazani. Mama wa chai alikuwa ameingia ndani, na kutoka huko nikasikia kitu kizito kinaburutwa. Benchi lilitoka likitanguliza miguu. Alilifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, upande huu na upande ule, akaliweka mahali pake pa siku zote.

“Kaa, mwalimu.”

Nikakaa. Nililia, tena kwa sauti, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani waliokuwa wakipita. Fundi cherehani alikuja na kikombe chake, akasimama mbele yangu kwa adabu mpaka nilipomaliza kufuta machozi. Kisha akaniambia kwamba pale nilipokaa ni pake. Nikasogea.