Risasi Kwenye Sukuma ya Shangazi

Mboga za shangazi yangu ndizo nilizozichagua ziwe mfano wa mboga safi. Hilo bado linanichoma hadi leo.

Nilikuwa nasomea uzamili wa kemia katika chuo kimoja upande wetu wa Nakuru, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza kifaa cha kupima madini mazito kwenye chakula. Tulichukua vijiti bapa vya plastiki, vinavyofanana na vile vya kupimia sukari ya damu, tukavipaka wino wa grafini, ambayo ni kaboni iliyochambuliwa hadi ikawa tabaka jembamba mno. Unasaga mboga, unaitia asidi kidogo, unachuja, kisha unatumbukiza kijiti kwenye yale maji na kupitisha umeme hafifu. Kama kuna madini ya risasi, yanajikusanya juu ya kaboni. Ukigeuza umeme yanaachia, na kwenye skrini ya simu mstari unapanda kama kichuguu. Kichuguu kikiwa kirefu, sumu ni nyingi.

Profesa aliyenisimamia alitaka tulinganishe sukuma wiki ya sokoni, ile inayonyunyiziwa maji ya mitaro, na sukuma iliyokuzwa mahali pasipo na uchafu. Sikufikiria mara mbili. Shangazi yangu anaishi Lanet, na nyuma ya nyumba yake kuna kishamba ambacho kimelisha nusu ya mtaa. Hapendi dawa za kupulizia. Wadudu anawamwagia majivu, na mbolea anatoa kwa ng'ombe wake mmoja. Kina mama wa mtaani walikuwa wakipita sokoni bila kununua kitu ili waje kuchuma kwake, hasa wenye watoto wadogo, kwa sababu walijua mboga zake hazina kemikali.

Sukuma ya sokoni ilitoa kichuguu kidogo. Ya shangazi ilitoa kirefu kuliko zote.

Nilidhani nimechanganya chupa. Nikaosha vyombo vyote kwa asidi, nikafungua vijiti vipya, nikarudi Lanet kuchuma majani mengine bila kumweleza shangazi kitu. Ikawa vile vile. Nikamwomba mwenzangu apime kwa mashine kubwa ya maabara, ile ambayo hakuna mtu anayeibishia. Alinitazama akaniuliza, "Hii umetoa wapi?" Nilikuwa nimeshakumbuka ule moshi wa jioni kwa shangazi.

Juu kidogo ya nyumba ya shangazi kuna yadi iliyozungushiwa mabati marefu. Walikuwa wakinunua betri kuukuu za magari, wakizipasua na kuyeyusha vyuma vya ndani ili wapate risasi ya kuuza. Jioni moshi ulishuka moja kwa moja kwenye kile kishamba. Asidi ya betri waliimwaga kwenye mtaro unaopita kando ya ua wa shangazi, na wakati wa kiangazi shangazi alikuwa akichota maji ya mtaro huo kunyunyizia mboga. Miaka yote hiyo tulikuwa tukilalamikia harufu tu. Tulifunga madirisha.

Nilimpelekea profesa matokeo. Aliyasoma kwa makini, na lazima niseme ni mtu mwerevu sana.

"Hiyo sampuli itoe," akasema. "Tafuta control nyingine, mboga safi ya kulinganishia, hii imeharibika."

"Prof, kuna watu wanakula hii mboga. Leo jioni watakula."

"Najua. Lakini wewe ni mwanafunzi, si afisa wa afya. Tuchapishe kwanza. Wenye kazi yao watasoma."

Mpaka sasa sijaelewa ni nani alidhani atasoma. Mama anayechuma sukuma ya chakula cha jioni Lanet? Niliondoka ofisini mwake, nikarudi maabara, nikatia simu, asidi, vijiti na kikasha kidogo cha kupitisha umeme kwenye mkoba wangu wa kanisani. Sikumwomba mtu ruhusa.

Shangazi alinipokea na chai. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka minne, alikuwa amelala kwenye kochi amejikunja, ameshika tumbo. Alikuwa akiumwa hivyo kwa muda mrefu, na kliniki walimpa dawa ya minyoo mara kwa mara. Nilimwambia shangazi kwamba mboga zake zina risasi.

Akacheka. "Risasi? Ya wale wanajeshi wa kambini? Hawajawahi kupiga huku, mama. Wanapigia mbali."

"Si risasi ya bunduki, Anti. Ni madini. Yale ya ndani ya betri."

Kicheko kikaisha. Nilipanga vyombo juu ya meza yake ya kulia. Kwanza nilipima maji ya bomba, mstari ukalala bapa, nikamwonyesha. Kisha nikapima maji ya mtaro, halafu sukuma aliyoichuma kwa mkono wake mwenyewe. Aliutazama mstari ukipanda bila kupepesa macho. Hakuniuliza ni kiasi gani. Aligeuka akamtazama yule mtoto kwenye kochi.

"Huyu alikuwa anaongea," akasema taratibu. "Unakumbuka alikuwa anaongea sana. Akanyamaza, nikasema labda ni kukua tu."

"Nakumbuka."

"Zima hiyo kitu."

Nilizima. Alichukua jembe akatoka nje, akaanza kung'oa. Nilimfuata nikamwambia asubiri, tuzungumze kwanza, avae glavu. Hakunisikiliza. Aling'oa sukuma, akang'oa managu, akang'oa hata dania iliyokuwa kwenye debe kando ya mlango, akafunga vyote kwenye magunia. Halafu alipiga hodi nyumba kwa nyumba kuwaambia kina mama wasipike zile walizochuma jana. Mmoja alimfokea mlangoni, akamwambia amewalisha watoto wao sumu huku akijisifu mboga zake ni safi. Shangazi alisimama pale akapokea kila neno. Mimi nilisimama nyuma yake nikijua maneno yale yalimstahili mtu mwingine kabisa, mtu aliyekuwa amekaa nyuma ya mabati, na hakuna aliyekuwa akimfokea.

Jumatatu nilikwenda kumfokea. Mwenye yadi alikuwa mtu mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alinivutia kiti. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha mistari kwenye simu.

"Hiyo kidude imepitishwa na nani?" akauliza.

"Nimeitengeneza mimi. Na mashine ya maabara imethibitisha."

"Sawa. Lakini imepitishwa na nani?"

Alirudia swali hilo kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto na hesabu. Vijana wake walikuwa nje wakipasua betri kwa shoka, mikono mitupu. Nilimuuliza anakaa wapi. Alinitajia mtaa mwingine kabisa, mbali na moshi wake. Basi.

Ofisi inayohusika na mazingira waliniuliza swali lile lile. Kifaa changu hakitambuliki, wakasema. Lazima maofisa wachukue sampuli wenyewe na kuzipeleka kwenye maabara inayotambuliwa. Nikasema wachukue leo. Gari halina mafuta, wakasema. Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kilichowatoa ofisini hatimaye ni shangazi. Aliingia na wale kina mama, akiwemo yule aliyemfokea, wakiwa na watoto mgongoni, wakakaa sakafuni kwenye korido. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, wakanyonyesha, wakamenya machungwa, hadi mkubwa wa ofisi alipochoka kuwaruka akipita.

Sampuli zilichukuliwa. Majibu yalichelewa mpaka mvua ikaja ikaondoka, na yalipofika yalisema kile kile ambacho kijiti changu kilisema juu ya meza ya shangazi. Damu ya mjukuu nayo ilipimwa, na risasi ilikuwamo. Daktari alisema jambo la kwanza ni kumtoa kwenye ile sumu, apewe maziwa na chakula chenye madini ya chuma, na afuatiliwe. Shangazi alimhamishia Keringet kwa dada yake. Tumbo limetulia. Maneno yanarudi polepole, si yote. Shule ya chekechea wanasema ni mtoto mtulivu. Kila hilo likirudiwa mbele yake, shangazi huondoka chumbani.

Yadi ilifungwa kwa amri. Maofisa walikuja, wakapiga picha na kufuli, wakaondoka. Udongo wa shangazi haukuondolewa. Hakuna aliyesema ni kazi ya nani kuuondoa. Profesa amechapisha makala yetu. Jina langu limo, na ile sampuli ya shangazi haimo.

Mwaka huu mama mmoja anayeuza mahindi barabarani karibu na Gilgil alimpigia shangazi simu. Alikuwa amesikia habari zetu. Alisema kuna watu wamejenga ukuta wa mabati nyuma ya nyumba yao, na jioni kuna moshi unaowasha macho. Nilikwenda Jumamosi. Getini alisimama mwenye yadi yule yule wa Lanet, shati lile lile, limepigwa pasi vizuri. Aliponiona hakuniuliza kifaa changu kimepitishwa na nani. Aliwaambia vijana wafunge geti.

Kina mama walikuwa wameshachota maji ya mtaro kwenye chupa, wamechuma mboga, wananisubiri kwenye kivuli cha kibanda cha mahindi. Shangazi alikuwa ameketi katikati yao, akiwaeleza risasi ni nini. Niliweka mkoba chini, nikawasha simu, nikatoa kijiti cha kwanza.